Jinsi Tulivyochelewa Sigowet Ndani ya Gari la Waswidi

Wenzangu wa banda la majani ya chai, tangu nirudi mmeniuliza swali moja tu: ilikuwaje mtu aondoke Boito Jumamosi asubuhi na kufika Sigowet Jumapili, ilhali hata mbuzi mwenye akili angefika siku hiyohiyo? Kila nikianza kueleza, mizani inaitwa, magunia yanapakiwa kwenye trela, nami naondoka na tinga langu, trekta lenu mnalolijua, hadithi ikiwa bado Litein. Basi nimekaa chini nikaiandika yote. Msomeane wenyewe.

Boito, kabla gari halijatoka

Kiplangat ni wa mwisho kati ya wadogo zangu watatu, nami ndiye dada yao mkubwa. Mama alipomfuata Baba kaburini, mtoto huyo alikuwa bado wa kubebwa mgongoni, na mgongo uliokuwapo ulikuwa wangu. Niliacha shule nikaingia kuchuma chai, na baadaye nikapewa tinga la kukusanya majani, ambalo naliendesha hadi leo. Sasa Kiplangat ni mwanamume mwenye ndevu na kazi ya ukarani huko Kericho, na amempata Chebet wa Sigowet.

Baba yake Chebet, Mzee Arap Soi, alituma neno kwamba atatupokea kwa koito, yaani siku ya kwenda kuomba mke. Aliweka masharti mawili. Kwanza, tuje na mzee wa ukoo wetu, kwa sababu hawezi kumtoa binti yake aende katika nyumba ya yatima isiyo na mtu wa kuisemea. Pili, tufike kabla ya saa sita mchana. Atakayechelewa asijisumbue kubisha hodi.

Mzee aliyebaki katika ukoo wetu ni mmoja, naye ni Gogo, yaani bibi, Tabsabei, dada ya babu yetu, mwenye meno manne na maoni mengi. Hakuwa ametoka Boito tangu bibi fulani na fulani wa kijijini waolewe, na wote wawili wameshakuwa na wajukuu. Alikubali kwa sharti lake mwenyewe: akae mbele.

Gari lilikuwa la Kiplangat. Ni lile la Waswidi, kuukuu, refu kwa nyuma kama jeneza la tajiri. Alikuwa na sababu ya kulichagua. Barabara ilimchukua kijana wa kwanza wa Arap Soi, na tangu siku hiyo mzee huyo hukagua magurudumu ya mgeni kabla ya kumpa mkono. Kiplangat aliambiwa hayo na Chebet, akaenda kutafuta gari linalosifiwa kwa usalama kuliko yote. Alipolipata, akalisomea kama mtu anayejitayarisha kuwa padri.

Kwa kuwa kijana hawezi kujiendesha kwenda kwenye koito yake mwenyewe, usukani nilipewa mimi. Kiplangat akakaa nyuma na suti yake. Kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kuwapelekea wakwe, kikawekwa katikati ya kiti cha nyuma na kufungwa mkanda. Hakikulalamika.

Aliyelalamika ni Gogo.

Boito hadi Litein

Niliwasha gari, likaanza kulia: ting, ting, ting.

"Gogo, vuta mkanda hapo begani," nikasema.

"Wa nini?"

"Ya kukufunga, Gogo," Kiplangat akasema kutoka nyuma.

Alikuwa amechagua neno baya kuliko yote. Gogo aligeuka polepole, akamtazama kama aliyetukanwa kanisani.

"Mimi nilifungwa mara moja," akasema. "Siku ya ratet. Arap Bii alinifunga nyasi ya segutiet hapa kwa mkono, na mimi nikamfunga yake, watu wote wakiona. Arap Bii amekufa. Sasa nifungwe na nani? Na gari?"

Nyinyi wazee mnaelewa. Kwetu ndoa hukamilika kwa ratet, pale mwanamume na mwanamke wanapofungana nyasi za segutiet mikononi, na fungo hilo halichezewi. Gogo aliona kwamba mjane akikubali kufungwa tena, huku amekaa mbele, huku amevaa vizuri, huku anaelekea kwa watu wa Sigowet, kuna jambo atakuwa amelitangaza.

Kiplangat akaanza mahubiri. Akasema Waswidi ni watu wa nchi ya barafu, ambako barabara huteleza nusu mwaka, na mnyama kama kongoni mkubwa mwenye pembe za sinia hutoka msituni na kusimama katikati ya njia. Akasema fundi wao mmoja, ambaye zamani kazi yake ilikuwa kutengeneza viti vya kumrusha rubani nje ya ndege inayoanguka, aliajiriwa na watu wa gari hili, akaacha kurusha watu nje akaanza kuwafunga ndani. Ndiye aliyebuni mkanda huu wa kupita begani na kiunoni. Na wenye kampuni, badala ya kuuficha, wakaacha makampuni yote ya dunia yautumie bure.

"Bure?" Gogo akauliza. "Kitu ya bure iko na shida yake."

"Tena wao ni kati ya watu wa kwanza kutengeneza kiti cha mtoto ya kuangalia nyuma."

"Mtoto anaangalia nyuma? Kwani ameacha nani?"

Kiplangat akanishauri kwa sauti ya chini nichomeke mkanda ule nyuma ya mgongo wa Gogo, gari lidhani amefungwa. Nikakataa. Watu wamekesha wakifikiria namna ya kumwokoa bibi wa Boito wasiyemjua, halafu mimi niwadanganye? Nikaamua kwenda polepole sana mpaka Gogo achoke na kelele.

Gogo hakuchoka. Aliipenda ile sauti, akawa anaitikia kwa kichwa kama wimbo wa kwaya. Tulikwenda mwendo wa tinga, vioo vikiwa wazi, ting, ting, ting. Watu waliokuwa njiani walikimbia kupanda ukingo kwa kudhani kuna lori linalorudi nyuma. Mama mmoja mwenye kikapu cha majani mgongoni alitupita kwa miguu, akatusalimia "Chamgei," akaenda zake. Tulimkuta tena kwenye banda lao, ameshamaliza kuchambua.

"Dada," Kiplangat akasema, "huyo mama ametupita."

"Nimeona."

"Ako na mzigo."

Kizuizi cha Litein

Tulipofika kwenye lami, polisi walikuwa wamesimamisha magari. Afande kijana, shati limepigwa pasi, aliinama dirishani.

"Shosh, funga mkanda."

"Wewe ni wa ukoo gani?" Gogo akamuuliza.

Afande akautaja ukoo wake. Ikawa bahati mbaya ya ajabu, kwa maana ulikuwa ukoo wa marehemu Arap Bii.

"Unaona!" Gogo akapiga paja. "Shemeji yangu ananiambia nifungwe na mwingine, na kaburi iko pale Boito!"

Afande akanitazama. Nikamweleza habari ya ratet. Alikuwa kijana mwenye subira, lakini sheria ni sheria, akasema gari haliendi hatua moja kama bibi hajafungwa. Gogo akasema hakuna shida, akashuka, akaenda kuketi kwenye kreti la soda kando ya mama anayechoma mahindi, na kabla sijalitoa gari njiani alikuwa ameshapewa hindi na anauliza mama huyo ameolewa wapi.

Jua lilikuwa linapanda. Kiplangat alizunguka gari akishika kichwa. "Dada, saa sita itatukuta hapa. Arap Soi atasema aliambiwa nyumba ya yatima haina mpango, akakataa kusikia."

Nilipiga magoti mbele ya Gogo. Nikamsihi. Akanipa nusu ya hindi.

Aliyetuokoa ni yule afande. Alikuja akachuchumaa, akasema, "Gogo, nikuulize. Siku ile ya ratet, ulionyeshwa mahali pa kufungulia?"

"Ratet haifunguliwi, wewe mtoto. Nani alikuzaa?"

"Sasa kuja uone hii."

Akamrudisha garini, akauvuta mkanda, akauchomeka kwenye kiti kilicho wazi. Kisha akamwonyesha kile kitufe chekundu. "Gusa." Gogo akagusa kwa kidole. Mkanda ukafyatuka, ukajikunja wenyewe ukarudi mahali pake.

Gogo aliuvuta tena kidogo, akauachia.

"Inafunguka?"

"Inafunguka."

"Na mwenye kufungua ni nani?"

"Ni wewe mwenyewe. Wakati wowote."

"Basi hiyo si ratet," Gogo akasema, akapanda gari. "Hiyo ni lango ya ng'ombe. Mngesema tu."

Litein hadi karibu na Kericho

Shida ya mtu aliyegundua kitufe ni kwamba hawezi kukiacha. Gogo alifunga, akafungua, akafunga, akafungua, na kila akifungua gari lililia ting. Alifungua kusalimia shule. Alifungua kwa heshima tulipopita kanisa. Kiplangat alikuwa amefumba macho.

Baada ya Chemosit mvua ya mawe ikaanza. Chai pande zote ikawa nyeupe, nami nikapunguza mwendo, ingawa haukuwa na pa kupunguzwa. Hapo kwenye kona akatokea bodaboda aliyebeba kabichi nyingi kuliko pikipiki, na mbele yake ng'ombe aliyekuwa amekata shauri. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili kama ninavyosimamisha tinga mteremkoni. Gari likasimama papo hapo. Kabichi moja ikapanda boneti, ikatazamana nasi, ikateremka.

Nikageuka. Gogo alikuwa amefungwa. Ilikuwa zamu ya kufungwa, Mungu ni mwema. Mkanda ulikuwa umemshika kifuani, kitambaa chake cha kichwa kimeruka hadi kwenye kioo, yeye mwenyewe yuko pale pale.

"Arap Bii," akasema kwa sauti ya chini, "hukuwahi kunishika hivi."

Hakukigusa tena kile kitufe.

Nilidhani mambo sasa yamenyooka. Tulipoanza kupanda, mvuke ukatoka chini ya boneti. Mpira mmoja wa kupitishia maji ulikuwa umezeeka ukapasuka. Tukasimama kando ya njia, maji yakidondoka chini na juu. Magari yalipita. Mengine yalipiga honi kutupa pole, na pole haizibi mpira. Saa sita ikapita tukiwa tunaitazama.

Kiplangat akampigia Chebet. Nilisikia sauti ya msichana ikisema wageni wa ukoo wamekula, wengine wameanza kurudi kwao. "Baba ako aje?" Kiplangat akauliza. Chebet akajibu kwamba babake hasemi na mtu. Amebeba kiti, amekwenda kuketi langoni, na simu hataki kushika. Kabla Kiplangat hajasema kilichotupata, simu yake ikalowa ikazima, na namba ya Chebet ilikuwa humo ndani tu.

Kiplangat akakaa kwenye nyasi zilizolowa na suti yake. Sikuwa nimemwona akikaa hivyo tangu alipokuwa mdogo, siku alipofukuzwa shule kwa karo. "Imeisha, Dada," akasema. Nikamwambia haijaisha mpaka niambiwe na Arap Soi mwenyewe, uso kwa uso, hata kama tutafika Krismasi.

Wakati huohuo gari likatokea upande wa pili, likawasha taa zote, likageuka likaja kwetu. Lilikuwa ndugu ya letu kabisa, refu kwa nyuma vilevile, ila mlango wake mmoja ulikuwa wa rangi nyingine.

Kwa Mzee Ochieng'

Aliyeshuka alikuwa mzee mrefu mwenye kofia ya sufu, fundi mstaafu wa kiwanda cha chai. Alizaliwa upande wa ziwa, lakini ameishi Kericho hadi anaota kwa Kipsigis, lugha yetu.

"Yawa!" akasema, akipapasa boneti yetu kama kichwa cha ng'ombe mgonjwa. "Wenye hii gari tuko wachache. Mwenzako akisimama, wewe unasimama. Nani anaumwa?"

Akachungulia, akacheka. Akasema mpira wa namna hiyo hauuzwi mjini, ila yeye anao nyumbani, ndani ya gari lake la kwanza. Akatufunga kamba, akatuvuta.

Gari lake la kwanza lilikuwa nyuma ya nyumba, limefinyangwa kama karatasi, kuku wanataga mahali pa injini. Mzee Ochieng' alilionyesha kwa fahari ambayo wengine huonyesha picha za harusi.

"Hii ilinibiringisha," akasema. "Nilikuwa nimebeba omena, ile samaki ndogo ya ziwa, magunia. Kona ikanikataa. Nikaenda juu, chini, juu. Ikisimama, mimi niko ndani, kofia iko kichwani, hii hii. Sina hata alama. Lakini omena! Omena iliingia kwa masikio. Paka ya Kericho yote ilinisindikiza nyumbani."

"Mwezi mzima alilala sebuleni," akasema mkewe, Mama Akinyi, akitoka jikoni. "Mungu alimwokoa, mimi nikamwekea mkeka."

Kuutoa ule mpira kulitaka kwanza kumhamisha kuku aliyekuwa amelalia mayai, naye hakuwa tayari. Halafu mvua ikarudi kwa hasira, na giza likakaribia. Mzee Ochieng' akasema hawezi kumwachia bibi wa watu apite barabara hiyo usiku na mpira ambao haujajaribiwa. Nilitaka kubisha. Nikamtazama Gogo, nikamshika mkono tukaingia ndani.

Mama Akinyi akaleta ugali na samaki mzima, kichwa na vyote. Gogo hakuwahi kula samaki maishani. Aliketi akitazamana naye.

"Huyu anaangalia mimi."

"Ni ya heshima, Mama," Mzee Ochieng' akasema. "Mgeni anapewa kichwa."

"Sisi mgeni tunampa maziwa. Maziwa haina macho."

Kiplangat hakuwa na hamu ya chakula. Mimi nilikuwa nahesabu namna tutakavyojieleza. Gogo akafikiri sana, kisha akachukua kipande cha ugali akalifunika lile jicho, ili wasionane, akaanza kula kutoka mkiani. Alipofika kichwani alikuwa amesahau ugomvi wao. Akaomba mchuzi.

Kericho hadi Sigowet

Jumapili asubuhi mpira ulishika. Mzee Ochieng' hakutaka kitu. Alichotaka ni kwamba tukikuta gari la aina yetu limesimama njiani, nasi tusimame.

Tukauliza njia. Mmoja akasema tupitie Kiptere. Mwingine akasema tukiona Kiptere tujue tumepotea. Wa tatu, mzee mwenye Biblia, akasema anakwenda huko huko, akapanda, akatuelekeza hadi kanisani kwake, akashuka, akatushukuru. Sigowet tuliipata baadaye, kwa msaada wa msichana mwenye mbuzi.

Nilikuwa nimejipanga: nitamsalimia Arap Soi, nitaomba msamaha, na akikataa nitaomba msamaha tena. Aliyelea watoto watatu kwa majani ya chai hajui kazi nyingine zaidi ya kurudia.

Alikuwa langoni, kwenye kiti chake, blanketi mabegani. Nikazima gari. Hakuyatazama magurudumu. Alikuja moja kwa moja hadi dirishani, akachungulia, macho yakatoka kwangu, yakaenda kwa Gogo, yakaenda nyuma kwa Kiplangat.

"Mko wote?" akauliza.

"Tuko wote, Baba."

"Hakuna aliyebaki hospitali?"

"Hakuna. Tulisimama tu njiani. Tumechelewa, Baba, na tunaomba..."

Akainua mkono kunikatiza. Alishika mlango wa gari kama mtu anayetafuta pa kuegemea.

"Jana saa sita ikipita nilikasirika," akasema. "Saa nane nikaanza kuogopa. Jioni nikasahau kama nilikuwa nimekasirika. Kijana yangu alikuwa anakimbia asichelewe hapa nyumbani. Mimi ndio nilikuwa nimemwambia asichelewe." Akavuta pumzi. "Halafu mimi huyo huyo nikawaambia nyinyi saa sita. Nani alikuwa dereva?"

"Ni mimi, Baba."

"Unaendeshanga aje?"

"Kama tinga," Kiplangat akajibu kabla yangu. "Jana tulipitwa na mama mwenye kikapu."

Mzee Arap Soi akacheka. Hakikuwa kicheko kikubwa, lakini watu waliokuwa uani walitoka kutazama, kwa hiyo nadhani kilikuwa hakijasikika siku nyingi.

Tukaingizwa ndani. Chakula cha jana kikapashwa moto. Wazee wa kwao wakaketi upande mmoja. Gogo akaketi upande wetu, na Kiplangat nyuma yake. Mimi nikashika njia ya jikoni kuwasaidia akina mama, kama tufanyavyo.

"Wewe unaenda wapi?" Gogo akaniita, nyumba nzima ikasikia.

"Jikoni, Gogo."

"Kuja hapa." Akapapasa kiti kilichokuwa karibu naye, akamgeukia Arap Soi. "Ulisema uletewe mtu wa kusemea hii nyumba. Mimi ni wa kuonyesha tu. Huyu ndio mwenye kusema. Alinyonyesha huyu kijana na kikombe, mgongoni, kwa shamba ya chai, na yeye mwenyewe akiwa mtoto."

Wazee wakatazamana. Mmoja akakohoa. Mwanamke kusema katika koito si jambo la kila siku, na niliona mzee mwenye fimbo akitaka kulisema hilo. Arap Soi akamtazama tu, na fimbo ikatulia.

"Haya, Mama," Arap Soi akaniambia. Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Mimi sina mtoto. "Mmekuja kutafuta nini kwangu?"

Nilikuwa nimekariri maneno mengi tangu Boito. Yote yakakimbia. Yakabaki machache, nikayatoa.

"Tumemfuata Chebet," nikasema. "Mtoto wangu anamtaka."

Kiplangat, na ndevu zake zote, hakunisahihisha.